Huna Pesa za Wakili Mombasa? Anza kwa Kuijua Kesi Yako

Keti baraza yoyote ya Mombasa, iwe Majengo, Bombolulu au Likoni, uitaje kesi, na hutakosa kusikia kauli mbili zinazogongana. Mmoja atasema, "Nenda serikalini, siku hizi wakili ni bure, katiba imesema." Mwenziwe atamkata, "Bure ya wapi? Kenya hii huna pesa huna haki. Mwenye nguvu mpishe." Wote husema kwa uhakika, na kila mmoja ana jirani wa kumtolea mfano. Ajabu ni kwamba wote wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana mwenye kesi huondoka barazani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Fundo lenyewe liko kwenye swali. Watu huuliza "nitampata wapi wakili wa bure?" kabla ya kuuliza "kesi yangu ni ya aina gani, na je, yahitaji wakili?" Anayetoka Likoni kuja kisiwani hatafuti nahodha, hupanda feri kwa miguu, halipi hata shilingi, akavuka. Anayekwenda Maskati kwa jahazi ndiye wa kuhangaikia nahodha. Kesi nyingi zinazowakosesha watu usingizi mjini hapa ni za kuvuka Likoni, lakini wenyewe hukaa nyumbani miaka wakisubiri nahodha asiyefika. Kuna nyingine, chache, ambazo ukiingia peke yako utazama.

Tuweke maneno sawa kwanza. Wakili ni mtu aliyesomea sheria, akaapishwa, na anayechukua cheti cha kufanya kazi kila mwaka. Msaidizi wa kisheria si wakili. Huyu amefunzwa sheria za msingi. Anaweza kukueleza haki zako, kukusaidia kujaza fomu au kukufikisha ofisi inayohusika, lakini hawezi kusimama mbele ya hakimu akusemee. Kisha kuna hili neno "msaada wa kisheria", ambalo wengi hudhani maana yake ni wakili wa bure. Ni pana zaidi ya hapo: ushauri wa nusu saa ni msaada wa kisheria, kuandikiwa barua ya madai ni msaada wa kisheria, kupatanishwa bila kufika kortini ni msaada wa kisheria. Kusimamiwa kortini ni kipande kimoja tu, tena ndicho adimu.

Mwisho, tofauti ya jinai na madai. Jinai ni pale dola inapomshtaki mtu kwa kosa: wizi, kupiga, kuua. Madai ni mtu na mwenziwe: deni, kodi ya nyumba, mirathi, talaka, ardhi, kufutwa kazi. Ahadi ya katiba ya wakili wa kulipiwa na serikali imeandikwa kwa ajili ya mshtakiwa wa jinai. Mwenye kesi ya madai asiitegemee; yeye ana milango mingine.

Kwanza jinai

Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa ana haki ya kuchagua wakili na kuwakilishwa naye, na aelezwe haki hiyo mapema. Kisha kinasema serikali itampa wakili kwa gharama yake ikiwa bila wakili huyo dhuluma kubwa itatokea. Hilo "ikiwa" ndilo linalosahaulika barazani.

Dhuluma kubwa ni ipi? Kesi moja iliyotoka Malindi ilifika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 majaji wakasema haki hii si ya kila mshtakiwa moja kwa moja. Korti itazame uzito wa kosa na ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kujilipia, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, na ugumu wa kesi yenyewe. Kwa hivyo kijana aliyeshtakiwa kuiba simu na anayejieleza vizuri anaweza kuambiwa ajitetee mwenyewe, na mwingine asiyejua kusoma, anayekabiliwa na kifungo cha maisha, akapewa wakili.

Mauaji yana utaratibu wake wa zamani. Kesi hizo husikizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili anayelipwa na dola. Lakini wizi wa kutumia nguvu, ambao kisheria adhabu yake pia ni kifo, husikizwa na hakimu wa kawaida, na kwa miaka mingi washtakiwa wake walijitetea wenyewe wakiwa kizimbani. Adhabu ile ile, korti tofauti, na mmoja ana wakili mwenzake hana. Kwa maoni yangu hapa ndipo sheria yetu inapochechemea zaidi: neno "dhuluma kubwa" limeachwa pana kiasi kwamba Hazina ya serikali inaweza kujificha nyuma yake, na wanaoumia ni wale wa korti za mahakimu, ambako ndiko kesi nyingi ziliko.

Ili kuitekeleza ahadi hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016. Sheria hiyo iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, inayojulikana kwa kifupi kama NLAS, na ofisi yake ipo Mombasa pia. Anayestahiki ni raia asiye na uwezo, mtoto, mkimbizi, mtu asiye na utaifa, mwathiriwa wa biashara haramu ya binadamu na aliyefurushwa kwake. Kesi zinazopokelewa ni za jinai, madai, watoto, katiba na zile zenye maslahi ya umma. Sasa sikiliza lililo muhimu, maana hapa ndipo watu hurudi nyumbani wakinung'unika: sheria yenyewe inakataza Huduma hiyo kusimamia kesi za kodi ya serikali, za kudai deni, za kufilisika na za kuchafuliwa jina, na haiwahudumii makampuni. Ukienda kule kwa sababu mtu hajakulipa, ukaambiwa haiwezekani, usidhani umedharauliwa. Mlango wa deni ni mwingine, na ni rahisi, tutaufikia.

Siku ya kwanza kizimbani mambo huenda mbio. Jina linaitwa, mashtaka yanasomwa, unaulizwa ni kweli au si kweli, na faili inafungwa kabla hujajua uliyemjibu ni nani. Sheria ya 2016 inaitaka korti imweleze mshtakiwa asiye na wakili kuhusu haki yake, na ikiona dhuluma itatokea iijulishe Huduma. Hakimu mwenye faili sitini mezani anaweza kulipitia hilo kwa sentensi moja. Likikupita, liulizie mwenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida tu: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili na kosa hili ni kubwa. Naomba korti inipe wakili chini ya Kifungu cha 50, na naomba ombi langu liandikwe kwenye faili." Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ombi lililoandikwa linaweza kukufaa kwenye rufani hata kama siku hiyo lilikataliwa. Ulilolisema likapita hewani halina wa kulishuhudia.

Yapo mengine ambayo hayahitaji wakili hata kidogo, bali kujua tu. Aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha baada ya saa za korti au siku isiyo ya korti. Basi ni siku ya kazi inayofuata, na ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa jioni huonekana Jumatatu. Kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande. Mkalimani hulipiwi, kama Kiingereza cha korti hukifuati, sema. Taarifa za mashahidi watakaokushtaki una haki ya kuzipata mapema uzisome, au usomewe. Na ukihukumiwa na hakimu, rufani ni ndani ya siku 14. Aliye gerezani huipeleka kupitia mkuu wa gereza. Ndani ya Shimo la Tewa wamo wafungwa waliofunzwa usaidizi wa kisheria ambao wenzao huwaendea kuandikiwa rufani zao. Anayemdharau msaidizi wa kisheria kwa kuwa si wakili, na awaulize waliotoka kule.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo huwagharimu watu pesa bure. Mtu kaibiwa, au bintiye kadhulumiwa, kesi imefika kortini, na yeye anauza mbuzi ili aweke wakili. Wakili wa nini? Wewe ni mlalamishi, na kesi ya jinai huendeshwa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kwa niaba ya dola. Waendesha mashtaka ndio upande wako, na hawakudai shilingi. Fomu ya P3, ile inayojazwa na daktari kuonyesha majeraha, nayo haiuzwi. Unaweza kuweka wakili wa kuifuatilia kesi kwa niaba yako ukipenda, na pengine katika kesi nzito ni vyema, lakini si lazima. Kama tatizo ni askari aliyekudhulumu, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, hupokea malalamishi bila malipo, na ina ofisi hapa Mombasa.

Sasa madai

Tuseme mama mmoja anauza viazi na vitunguu kwa jumla Kongowea. Mkahawa mmoja wa Nyali umechukua mali yake miezi mitatu, deni limefika Sh86,000, na mwenye mkahawa hapokei tena simu. Mama ameulizia wakili, akaambiwa bei, akaona heri awache. NLAS nao, kama tulivyoona, hawaruhusiwi kusimamia kesi ya deni. Je, ndiyo basi?

Hapana. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, na Mombasa inayo. "Madogo" lisikudanganye: inasikiza madai ya hadi Sh1,000,000. Bei ya bidhaa au kazi ambayo haikulipwa, pesa ulizomwekesha mtu akazila, mali yako iliyoharibiwa, fidia ya kuumizwa: yote ni yake. Ardhi, kazi za mshahara na kuchafuliwa jina si zake. Unakwenda mwenyewe, unajieleza kwa Kiswahili, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Anayeamua huitwa mwamuzi, na hafungwi na kanuni zote ngumu za ushahidi zinazowatisha watu korti nyingine.

Mama wa Kongowea ana nini mkononi? Ana daftari la kurasa zilizolowa maji ya nyanya, kila mstari una tarehe, idadi ya magunia, na sahihi ya kijana wa stoo aliyepokea. Ana ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mwezi wa kwanza, uliotoka kwa nambari ya mwenye mkahawa. Na ana ujumbe wa WhatsApp: "Mama nivumilie mpaka Ijumaa nitakupa zote." Yeye ameuweka kwa hasira, akiwaonyesha watu vile alivyodanganywa. Hajui kwamba huo ndio ushahidi wake mzito kuliko wote, kwa kuwa mdeni kwa kidole chake mwenyewe amekiri kuna deni. Daftari linathibitisha mali ilifika, M-Pesa inathibitisha biashara ilikuwapo, na "nivumilie" inafunga mdomo wa atakayesema "simjui mama huyu". Achapishe ujumbe huo ukiwa na tarehe na nambari, na simu yenyewe asiibadilishe.

Kabla ya kufungua kesi humpelekea mdeni barua ya madai: nakudai hiki na hiki, tangu lini, nipe ndani ya siku kadhaa, la sivyo nitakwenda kortini. Barua ya ukurasa mmoja, nakala abaki nayo, na awe na namna ya kuonyesha kuwa ilifika. Hii haihitaji wakili. Mtoto wa darasa la nane mwenye mwandiko mzuri aiandike. Wengi hulipa wakiipata tu, kwa kuwa hawakutarajia mtu wa sokoni ajue njia ya kortini.

Nisiwafiche kitu kimoja. Hukumu si pesa. Ukishinda na mdeni akakaidi, kuna hatua ya kutekeleza hukumu, ambayo hutumia dalali wa mahakama na huwa na gharama zake. Kabla ya kumshtaki mtu jiulize ana nini cha kukamatwa. Mwenye mkahawa ana majiko na majokofu. Kibarua mwenzako aliyekukopa hana.

Ada za korti nazo ni swali. Msaada wa bure wa shirika mara nyingi ni wa kazi ya wakili pekee. Ada ya kufungua kesi, nauli na fotokopi zaweza kubaki juu yako, na ni afadhali uulize mapema kuliko kushtuka. Lakini Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai, katika Agizo la 33, zinamruhusu asiye na uwezo kuomba afungue kesi kama maskini bila kulipa ada. Na kesi ya kulinda haki za kimsingi chini ya Kifungu cha 22 cha Katiba haitozwi ada ya kuifungua. Zaidi ya hapo, katiba inasema korti inaweza kuipokea kwa maandishi yasiyo rasmi, hata barua. Waliokaa wakiamini kwamba bila makaratasi ya Kiingereza chenye mihuri huwezi kusikizwa, na wakisome kifungu hicho.

Milango mingine niitaje kwa haraka. Matunzo ya mtoto ni Mahakama ya Watoto, Tononoka, na kabla ya huko Ofisa wa Watoto huwaita wazazi na kuwapatanisha bila malipo. Katiba inawawajibisha wazazi wote wawili, wawe walioana au hawakuoana, kwa hivyo "hatukuoana" si utetezi. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni kwa Kadhi, ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali, na huko wengi hujisemea wenyewe. Aliyefutwa kazi bandarini, hotelini au kwenye viwanda vya EPZ, vile vya bidhaa za kuuzwa nje, aende Ofisi ya Leba. Sheria inampa miezi mitatu kulalamika huko. Mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo pia husikiza kesi za kazi za wanaolipwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi, kwa hivyo si lazima uanzie korti kubwa. Mpangaji wa chumba cha kodi isiyozidi Sh2,500 ana baraza lake maalumu la kodi za nyumba, ingawa kwa bei za leo sijui ni vyumba vingapi vya Mombasa vimebaki humo. Na kesi ikishafika kortini, yaweza kupelekwa kwa mpatanishi wa korti. Huduma hiyo wenye kesi hawailipii.

Ardhi ni bahari kuu

Nimesema kuna kesi ambazo ukiingia peke yako utazama. Ya ardhi ni ya kwanza. Pwani tuna jambo ambalo bara hawalielewi kwa urahisi: nyumba bila ardhi. Babu alijenga kwa kumlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja kila mwezi, nyumba ni yake, chini si pake. Wajukuu wamezaliwa humo, kisha siku moja inaingia barua ya mtu ambaye jina lake hawajawahi kulisikia, akisema kanunua. Mtaani utaambiwa, "Mmekaa zaidi ya miaka 12, ni yenu." Si hivyo. Sheria ya miaka 12 inamsaidia aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe, waziwazi, bila kukatizwa. Aliyekuwa akilipa kodi ya kiwanja alikuwa hapo kwa ruhusa, na risiti alizozitunza kwa uaminifu ndizo zitakazomwangusha katika dai hilo, ingawa zaweza kumfaa kwa jingine. Hiyo ndiyo aina ya kitu ambacho mtu wa baraza hatakwambia, na wakili atakwambia kwa dakika tano.

Ila hata hapa lipo la kujua kabla ya wakili. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2016, kuwaondoa watu kwenye ardhi ya mtu binafsi kunahitaji notisi ya angalau miezi mitatu, na aliyepewa notisi anaweza kwenda kortini kuipinga. Tingatinga la alfajiri bila notisi ni kuvunja sheria, hata kama mwenye hati ana hati halali. Na ikiwa mko nyumba arobaini, msitafute msaada nyumba moja moja. Mashirika hupendelea kesi ya wengi, kwa sababu wakili mmoja anaokoa mtaa mzima kwa faili moja.

Nani basi atakuchukua?

Kituo Cha Sheria ni cha tangu 1973 na kina ofisi Mombasa. Ardhi, makazi na kazi ndiyo mambo yake ya kila siku. FIDA, shirikisho la mawakili wanawake lililoanza Kenya mwaka 1985, nalo lipo hapa. Huwahudumia wanawake na watoto, na hufanya jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko wakili wa siku moja: huwafunza wanawake kujiwakilisha wenyewe, ukafundishwa namna ya kuandika madai yako, kuapa kiapo na kumjibu hakimu. Mashirika ya haki za binadamu, MUHURI, iliyoanzishwa 1997, na Haki Africa, hushughulikia zaidi dhuluma za vyombo vya dola: watu kupotezwa, kupigwa, kuzuiliwa ovyo. Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, huwa na wiki ya uhamasisho kila mwaka ambapo mawakili hukaa kortini kutoa ushauri wa bure. Wiki hiyo ikifika, foleni ya mchana ni ndefu, nenda asubuhi.

Hakuna shirika linalochukua kila anayebisha. Wana mawakili wachache na meza zimejaa, kwa hivyo watakupima: uwezo wako, uzito wa kesi, na kama kuna ushahidi. Hapo ndipo wengi huanguka, si kwa sababu kesi yao ni mbovu bali kwa namna wanavyoifikisha. Mtu huingia akaanza na ugomvi wa shangazi wa mwaka 1998. Nenda na karatasi moja yenye tarehe na matukio kwa mpangilio, nakala za kila hati (asili ibaki nyumbani), barua ya chifu au chochote kinachoonyesha hali yako, na nambari ya kesi kama imefunguliwa. Tarehe ya korti inayofuata itaje kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa kesi ya kesho na kesi ya mwezi ujao hazipangwi foleni moja.

Kuhusu ule usemi kwamba wakili wa bure hafanyi kazi, rahisi ghali: wakili wa msaada ameapishwa kiapo kile kile na hujibu kwa chama kile kile. Akiizembea kesi yako, Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko bila malipo, awe ulimlipa au hukumlipa. Tofauti unayoweza kuiona ni kwamba ana faili nyingi, na hatakupigia simu wewe; mpigie yeye.

Wa kuogopwa ni mwingine. Ni yule anayekufuata kwenye veranda ya korti au kando ya kitanda cha hospitali baada ya ajali ya matatu, na kalamu mkononi, akikwambia utie sahihi hapa, hulipi kitu, tutakata tukishinda. Sheria ya Mawakili haiyatambui makubaliano ya kumlipa wakili ikiwa tu upande wako umeshinda kesi, na kutafutiwa wateja na madalali ni kosa. Kabla ya kutia sahihi, uliza jina kamili la wakili na ulitafute kwenye orodha ya LSK mtandaoni. Hata mtoto wako atakutafutia kwa simu. Kama jina halipo, au cheti cha mwaka huu hana, ondoka.

Na usikae mno ukitafuta. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na katika sheria huua kesi kabisa. Kuumizwa kwenye ajali ni miaka mitatu. Madai ya kazi ni miaka mitatu. Mkataba na deni ni miaka sita. Lakini kama aliyekuumiza ni serikali, tuseme gari lake limekugonga, una miezi 12 pekee, na wengi hugundua hivyo mwezi wa kumi na tatu. Ikiwa muda unakaribia na wakili hajapatikana, fungua kesi mwenyewe kwa jina lako. Wakili anaweza kuingia baadaye wakati wowote kwa kuwasilisha notisi masjala kwamba sasa yeye ndiye anayekuwakilisha. Kesi iliyochelewa kufunguliwa hawezi kuifufua.